Mdogo wangu ametulia, lakini dawa inayomtuliza inanitisha

Shikamoo Daktari,

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, mkazi wa mkoa wa Tanga, na ndiye ninayemlea mdogo wangu wa kiume tangu mama yetu alipofariki. Mdogo wangu ana miaka 27. Aliugua akiwa na miaka 19, mwaka wake wa kwanza chuoni, alipoanza kusikia sauti za watu wanaopanga kumuua na kukataa chakula cha bwenini akisema kimetiwa sumu. Tulianza na kisomo, tukaenda kwa mganga, na mwisho tukafika hospitali, ambako tuliambiwa kwamba ana skizofrenia. Kwa miaka minane ametumia haloperidoli, akachomwa sindano ya Modecate ya kila mwezi ambayo ilimkakamaza shingo na mikono, akabadilishiwa risperidoni kwa miezi mitano, kisha olanzapini kwa karibu mwaka mzima. Dawa hizo nilimpa kwa mkono wangu na nilimwona akizimeza, lakini sauti hazikunyamaza. Amelazwa mara nne.

Wiki tano zilizopita daktari bingwa alimwanzishia klozapini, kwa kupanda kidogo kidogo, na sasa anameza miligramu 50 asubuhi na 200 usiku. Daktari, mabadiliko nimeyaona. Wiki iliyopita aliniuliza bei ya sukari imefika shilingi ngapi. Huenda kwako hilo si kitu, lakini tangu augue hakuwahi kuniuliza jambo lolote la humu ndani, kwa kuwa masikio yake yalikuwa kwa hao wengine.

Pamoja na furaha hiyo, nina hofu nyingi. Muuza duka la dawa wa mtaani kwetu, nilipomtajia jina la dawa hii, aliniambia kwamba inaua damu. Baba yetu mdogo ameshikilia maneno hayo, na kila wiki tunapokwenda kutoa damu hulalamika kwamba kijana anakaushwa na kwamba damu hiyo lazima inauzwa. Kabla ya kuanza dawa, kipimo cha FBP, yaani picha kamili ya damu, kilionyesha neutrofili (aina ya chembe nyeupe za damu) 1.9, wiki ya kwanza ilikuwa 2.1, ya pili 1.8, na ya tatu 1.7, na pembeni ya namba hiyo mtaalamu wa maabara aliandika kwamba iko chini. Wiki ya nne hatukupima kabisa, kwa sababu tuliambiwa vitendanishi vimekwisha.

Wiki hiyohiyo ya nne tulipata msiba Lushoto. Tuliondoka kwa haraka siku ya Ijumaa baada ya yeye kumeza dawa ya asubuhi, na mfuko wa dawa nikausahau juu ya kabati. Tulirudi Jumatatu jioni, nikampa dozi yake ya usiku kama kawaida ili asiharibikiwe. Alfajiri alipoamka kwenda kutawadha alianguka bafuni kama gunia, akawa hajitambui kwa muda mfupi, kisha akazinduka. Nilidhani ni uchovu wa safari.

Siku sita zilizopita alipata homa na maumivu ya koo. Nilimnunulia dawa mseto ya malaria, na muuza duka akaniongezea sipro, antibiotiki, ya siku tano kwa ajili ya koo. Homa imeshuka, ila amekuwa analala mno na udenda unamtoka hadi mto unalowa. Jirani yetu aliyewahi kufanya kazi katika zahanati alinishauri nimrudishie vidonge vya Artane vilivyobaki tangu enzi za haloperidoli, kwamba vitakausha mate, nami nimempa kwa siku kadhaa sasa.

Maswali yangu ni haya. Je, dawa hii inamuua damu, na nimwachishe kabla hayajawa makubwa? Je, kuanguka kule kulitokana na dawa? Mwezi wa Ramadhani unakaribia na yeye mwenyewe amesema anataka kufunga, na pia amesema ataacha sigara, naye huvuta karibu pakiti nzima kwa siku; je, aruhusiwe? Niwie radhi pia kwa kuandika jambo la aibu, lakini leo ni siku ya tano hajapata choo, na tumbo limejaa. Nadhani ni mabadiliko ya chakula.

Dada wa Mgonjwa,
Mkoa wa Tanga

MAJIBU

Marahaba dada yangu, na pole kwa msiba.

Wasomaji wafahamu kwamba siku barua hii iliponifikia nilimwandikia mwenyewe kwa faragha nikimsihi asisubiri jibu la safu hii, bali ampeleke mdogo wake hospitali siku ileile kwa ajili ya tumbo na akapimwe damu. Alifanya hivyo. Amenijulisha kwamba tumbo lilichunguzwa na halikuwa limeziba, kwamba mgonjwa amepewa dawa ya kulainisha choo na amepata nafuu, na kwamba neutrofili zilikuwa 1.8. Ninachapisha barua kwa ruhusa yake na ya mgonjwa mwenyewe, kwa sababu ina karibu kila kosa ambalo familia njema hulifanya na dawa hii, na kila moja limetokana na mapenzi.

Naanza na jambo uliloliweka mwisho na kuliombea radhi. Katika barua yako nzima, choo ndicho kilichonitisha kuliko namba za damu. Klozapini hupunguza mwendo wa utumbo wote, kuanzia tumboni hadi mwisho wa utumbo mpana, kiasi kwamba mgonjwa anaweza kukaa siku kadhaa bila choo na asihisi haja wala maumivu makubwa. Kinyesi kikiganda, utumbo hutanuka, unaweza kuziba, kufa sehemu yake au kutoboka, na mtu hufariki kwa kitu ambacho nyumbani kilionekana kuwa ni kufunga choo tu. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali zaidi kuhusu jambo hili mwezi Januari 2020, na madaktari wanaotumia sana dawa hii wanajua kwamba matatizo ya utumbo hupoteza maisha ya watu wengi kuliko kushuka kwa chembe za damu. Tofauti ni kwamba damu ina ratiba, ina fomu na ina maabara, ilhali choo hakina mlinzi isipokuwa wewe.

Kwa hiyo mwulize kila siku, bila kumdhalilisha, kama amekwenda choo, na uandike kwenye kalenda. Akipitisha siku mbili bila choo, mjulishe daktari wake. Tumbo likivimba na kuuma, akitapika, au akiacha kutoa hewa, hiyo ni safari ya hospitali usiku huohuo, na usijaribu kwanza mafuta ya nyonyo wala dawa nyingine ya kuendesha, kwa sababu utumbo uliokwisha kuziba haulazimishwi. Maji, papai na mboga za majani ni vitu vizuri, lakini kwa mtu anayetumia klozapini havitoshi peke yake. Mahali pengi siku hizi mgonjwa huanzishiwa dawa ya choo pamoja na klozapini tangu mwanzo, mara nyingi vidonge vinavyotokana na sanamaki pamoja na dawa nyingine ya kulainisha, na uendelee nayo hata atakapoonekana yuko sawa, hadi daktari aseme vingine.

Hapa ndipo Artane ya jirani inapoingia. Alikuwa na nia njema, na kwa haloperidoli angekuwa sahihi, kwa kuwa kidonge hicho huondoa ukakamavu wa misuli unaoletwa na dawa za zamani. Klozapini kwa kawaida haileti ukakamavu ule, hivyo kazi ya Artane haipo. Kilichobaki ni madhara yake, na dhara lake kubwa ni kuufunga utumbo ambao tayari umelegea. Ulikuwa unakausha mate huku unazidisha hatari kubwa zaidi. Mwonyeshe daktari kichupa chenyewe umweleze ulichompa na kwa siku ngapi. Udenda wa usiku ni kero ya kweli kwa watumiaji wengi wa dawa hii. Alale kwa ubavu, kichwa kiinuliwe kidogo, utandike taulo juu ya mto, na daktari anaweza kupunguza dozi au kupanga tiba inayofaa bila kugusa utumbo.

Sasa kuanguka bafuni. Ndiyo, dada yangu, naamini kulitokana na dawa, au tuseme na namna ilivyorudishwa. Klozapini huanzwa kwa miligramu 12.5, yaani nusu ya kidonge kidogo cha 25, na kupandishwa taratibu kwa wiki kadhaa, kwa sababu mwili unahitaji muda wa kuizoea; bila muda huo shinikizo la damu hushuka ghafla mtu anaposimama, na mapigo ya moyo na hata upumuaji vinaweza kuathirika. Mazoea hayo hupotea upesi kuliko watu wanavyodhani. Kanuni inayotumika duniani kote ni kwamba mgonjwa aliyekosa dawa kwa zaidi ya saa 48 harudi kwenye dozi yake ya zamani, bali huanza tena na 12.5, kisha daktari humpandisha, pengine kwa haraka zaidi kuliko mara ya kwanza. Mdogo wako alikaa tangu Ijumaa asubuhi hadi Jumatatu usiku, siku tatu na nusu, kisha akapokea miligramu 200 kwa mara moja. Namshukuru Mungu kwamba aliamka.

Usijilaumu kwa kusahau mfuko. Nani anakumbuka kabati siku ya msiba? Lakini tangu sasa weka dozi za siku tatu katika mkoba wako wa mkononi, ule usioondoka nyumbani bila kuuchukua, na uandike namba ya simu ya kliniki juu ya pakiti. Akikosa dozi moja, aendelee na inayofuata kwa wakati wake bila kuiongezea ile iliyopotea. Akifikisha siku mbili, piga simu kabla ya kumpa chochote. Vilevile asiachishwe ghafla kwa hofu, kama ulivyokuwa unafikiria, kwa maana ugonjwa unaweza kurudi kwa nguvu ndani ya siku chache, pamoja na jasho, kichefuchefu na kukosa usingizi. Akipaswa kuachishwa kwa dharura, hilo ni uamuzi wa daktari aliye na majibu ya damu mkononi.

Nije kwenye neno la muuza duka kwamba dawa hii inaua damu. Hakusema uongo, ila alisimulia nusu ya kisa. Klozapini ilianza kutumika Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1975 wagonjwa kadhaa nchini Ufini walifariki baada ya chembe nyeupe zao za damu, hasa zile ziitwazo neutrofili ambazo hupambana na bakteria, kushuka karibu na sifuri. Hali hiyo huitwa agranulositosisi. Nchi nyingi ziliiondoa dawa sokoni au kuibana sana. Nusu ya pili ya kisa ni kwamba mwaka 1988 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliowahusisha wagonjwa 268 ambao, kama mdogo wako, dawa nyingine zilikuwa zimewashinda; baada ya wiki sita, asilimia 30 ya waliopewa klozapini walikuwa wamepata nafuu ya kuonekana, dhidi ya asilimia 4 ya waliopewa dawa ya kulinganishia. Dawa ikarudi, safari hii ikiwa na sharti la kupima damu, na hadi leo haijapatikana nyingine inayoishinda kwa wagonjwa wa aina hiyo. Mwaka 2002 iliidhinishwa Marekani pia kwa ajili ya kupunguza hatari ya kujiua kwa wenye skizofrenia. Daktari wako alifuata utaratibu: klozapini hupewa mgonjwa ambaye angalau dawa mbili tofauti, kwa dozi ya kutosha na kwa wiki sita au zaidi kila moja, zimeshindwa kumsaidia, na mdogo wako amevuka kigezo hicho zamani. Kama nina lalamiko, ni kwamba mara nyingi tunachelewa kuitumia hadi ujana wa mgonjwa umepita.

Agranulositosisi humpata mgonjwa chini ya mmoja kati ya 100, na nyingi hutokea ndani ya wiki 18 za kwanza. Ndiyo sababu Uingereza kwa miaka mingi imepima kila wiki kwa wiki 18, kisha kila baada ya wiki mbili hadi mwaka utimie, halafu kila baada ya wiki nne. Marekani kwa miaka mingi ilipima kila wiki kwa miezi sita, kisha kila wiki mbili kwa miezi sita mingine, na baadaye kila mwezi. Chembe zikianza kushuka na dawa ikasimamishwa mapema, wengi hurudi katika hali yao. Mwambie baba mdogo kwamba kichupa cha FBP huchukua damu isiyozidi kijiko cha chai, na mtu mzima ana lita tano hivi mwilini. Afadhali zaidi, mwalike siku moja afuatane nanyi hadi maabara akakione kichupa chenyewe.

Kuhusu 1.7 iliyoandikwa kuwa iko chini, kuna jambo ambalo si maabara zote hulizingatia. Vipimo vya kawaida vilivyochapishwa kwenye mashine nyingi vilitokana na damu ya watu wa Ulaya. Waafrika wengi, wakiwa na afya tele, wana neutrofili chache zaidi kwa kuzaliwa. Sababu ni ya urithi na inahusiana na aina ya damu iitwayo Duffy, ambayo wengi wetu hatunayo juu ya chembe nyekundu. Kukosekana kwake ndiko kunakowakinga watu wa Afrika, kwa kiasi kikubwa, dhidi ya malaria ya aina ya vivax. Neutrofili za watu hao ni chache katika damu inayozunguka, lakini hawaugui maambukizi zaidi ya wengine. Kwa jedwali lililozoeleka la Uingereza, 1.7 huangukia eneo la njano, ambalo humtaka mgonjwa apimwe mara mbili kwa wiki. Kwa mwongozo wa Marekani wa tangu 2015, ni kiwango cha kawaida, na mtu aliyethibitishwa kuwa na upungufu huu wa asili anaweza kuanzishiwa dawa hata akiwa na 1.0. Mdogo wako alikuwa na 1.9 kabla hajaonja kidonge. Kushuka hadi 1.7 na kupanda hadi 1.8 ni kuyumba kwa kawaida. Kama angeanza na 5 akafika 1.7 ningekuambia habari nyingine. Tunza ile karatasi ya kwanza kama hati ya kiwanja, umwonyeshe kila daktari mpya, na ukumbushe maabara kwamba inatakiwa idadi kamili ya neutrofili, si asilimia peke yake.

Wiki isiyopimwa ndani ya wiki 18 si jambo la kunyamazia. Vitendanishi vikikosekana, mpigie daktari siku hiyohiyo akuelekeze maabara nyingine, hata ikiwa ni ya kulipia, kwa sababu FBP ni kipimo cha kawaida kinachofanyika mahali pengi, na majibu yanaweza kutumwa kwa simu.

Jambo linalonipa wasiwasi zaidi kwa familia za kwetu ni homa. Hapa homa ni malaria hadi ithibitishwe vingine, na mkono huenda kwenye dawa mseto kabla ya kidole kutobolewa. Kwa mtu anayetumia klozapini, mazoea hayo yanaweza kuua, kwa kuwa homa na koo ndizo dalili za kwanza za kukosa chembe nyeupe. Mdogo wako alipata vyote viwili katika wiki ambayo damu yake haikuwa imepimwa. Kuanzia sasa, homa yoyote, koo, vidonda vya mdomoni au mafua yanayoambatana na baridi kali maana yake ni FBP siku hiyohiyo, sambamba na kipimo cha malaria. Hata malaria ikionekana, hesabu ya neutrofili bado inahitajika, maana mtu anaweza kuwa na vyote. Katika wiki nane za kwanza homa ikifuatana na mapigo ya moyo kwenda mbio, maumivu ya kifua au kupumua kwa shida, daktari auchunguze moyo pia, kwani dawa hii inaweza kuvimbisha misuli yake, hasa katika mwezi wa kwanza.

Sipro nayo ilifanya kazi usiyoijua. Ini huivunja klozapini kwa kimeng'enya ambacho sipro hukizuia kwa nguvu, na homa yenyewe pia hupunguza kasi ya ini, hivyo dozi ileile ya 250 ikawa mwilini kama dozi kubwa zaidi. Usingizi mzito na mto uliolowa vilitokana na hapo kwa kiasi kikubwa. Klozapini ikizidi sana huleta kuchanganyikiwa na degedege. Carbamazepine, inayotumiwa sana kwa kifafa, isichanganywe nayo kwa sababu nayo hugusa uboho unaotengeneza damu. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha klozapini hadi ugonjwa ukarudi, na Septrin inahitaji tahadhari kwa ajili ya damu. Huwezi kuyakariri yote haya, wala huna haja. Ninakuomba tu usimpe dawa yoyote ya dukani kabla ya kumtajia mtoa dawa au daktari neno klozapini, na mgonjwa mwenyewe abebe karatasi yenye jina hilo mfukoni.

Kimeng'enya hichohicho ndicho kinachojibu swali la sigara. Moshi wa tumbaku, wala si nikotini, hukichochea kivunje dawa upesi, kwa hiyo mvutaji wa pakiti nzima huhitaji dozi kubwa kuliko asiyevuta. Akiacha ghafla, ndani ya wiki moja hivi kiwango cha dawa katika damu kinaweza kupanda kwa nusu au zaidi bila yeye kuongeza hata kidonge kimoja. Hii si sababu ya kumzuia. Kuacha sigara ni heri kubwa kwake. Ni sababu ya kumwambia daktari kabla ya siku ya kuacha, ili dozi ipunguzwe kwa mpango. Kahawa hufanya kinyume cha moshi, huipandisha dawa, hivyo vikombe vya kahawa chungu barazani visiongezeke wala kukoma kwa ghafla.

Ukiweka hayo mbele, utaona kwa nini ninasita kuhusu Ramadhani ya mwaka huu. Kumeza dawa wakati wa futari na daku kunawezekana kwa mgonjwa aliyekwisha kutulia kwenye dozi moja, lakini mdogo wako bado yumo ndani ya wiki 18, ametoka kwenye homa, ametoka kukosa choo kwa siku tano, na kukaa mchana kutwa bila maji kutaganda kinyesi tena, huku uvutaji wake ukihamia wote usiku. Mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa baadaye, na imamu wenu atamweleza hilo vizuri kuliko mimi. Mwakani, akiwa imara, mzungumzie na daktari miezi miwili kabla.

Uzito na sukari vitahitaji kufuatiliwa kwa miaka, kwa kuwa dawa huongeza hamu ya kula; mpimeni uzito kila mwezi na sukari kila anapokwenda kliniki.

Limebaki moja. Barua yako ni ndefu na ya uangalifu, na ndani yake nimesoma maoni ya muuza duka, ya baba mdogo na ya jirani, lakini ya mgonjwa nimeyaona mawili tu: kwamba anataka kufunga na kwamba anataka kuacha sigara. Mtu aliyeanza kuuliza bei ya sukari anaweza kuulizwa pia kuhusu dawa yake. Kaa naye umweleze kwa nini anatobolewa mkono kila wiki, umpe ile kalenda ya choo aijaze mwenyewe, na siku ya kliniki mwache aongee na daktari kabla yako. Kipimo chake kijacho ni wiki ijayo. Piga simu maabara siku moja kabla uulize kama vitendanishi vipo.